Chanjo ya asilimia 49 ilivyoipiku ya asilimia 77: thamani ya chanjo inapimwaje hasa?

Tuanze na hesabu moja ambayo huwa inawachanganya hata watu waliosoma. Chanjo ya rotavirusi, hii ya matone anayopewa mtoto mdomoni kuzuia kuharisha, ilijaribiwa Afrika Kusini na Malawi na matokeo yakatoka 2010. Afrika Kusini ilizuia asilimia 76.9 ya kuharisha kukali kunakoletwa na hicho kirusi. Malawi ikazuia asilimia 49.4 tu. Chanjo ni ile ile, dozi zile zile, watoto wa umri ule ule.

Sasa wewe ndo umeshika bajeti, umeambiwa pesa inatosha nchi moja, unaipeleka wapi? Wengi wanajibu Afrika Kusini bila hata kufikiria, si ndo inakofanya kazi vizuri. Haya ona: kati ya kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka Afrika Kusini ilizuia visa 4.2 vya kuharisha kukali, na Malawi ikazuia visa 6.7. Yaani ile chanjo "dhaifu" ndo iliyookoa watoto wengi zaidi wasiishie kwenye dripu.

Siri iko kwenye kitu kimoja tu, ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingi kiasi gani kabla. Ukirudisha hesabu nyuma utaona Malawi bila chanjo wangeugua kama watoto 13 au 14 katika kila 100, Afrika Kusini wangeugua watano au sita. Nusu ya 13 ni kubwa kuliko robo tatu ya tano, basi, hakuna uchawi hapo. Lakini magazeti yanaandika asilimia, mitandaoni watu wanagombana kwa asilimia, na wanasiasa wakishaskia asilimia 49 wanauliza hii nayo ni chanjo kweli au tunauziwa maji.

Kwa hiyo kabla hatujaenda mbali, ile asilimia ya kwenye majaribio inajibu swali moja dogo sana, kwamba ukilinganisha mtoto aliyechanjwa na asiyechanjwa hatari imepungua kwa kiasi gani. Swali la serikali ni jingine kabisa. Serikali inataka kujua nikiingiza hii chanjo nchi nzima, ni wangapi hawataugua, ni wangapi hawatakufa, itanigharimu ngapi, na hiyo pesa ningeipeleka kwingine ingefanya nini. Hayo maswali manne yanahitaji vitu ambavyo havimo kabisa kwenye ile asilimia.

Malaria ndo mfano mkubwa kuliko wote na uko hapa hapa kwetu. Ile chanjo ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kuanzia 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 kwenye vituo 11 katika nchi saba za Afrika, na Korogwe, Bagamoyo, Kilifi, Kombewa na Siaya zote zilikuwemo. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na wakapata dozi zote nne, ufanisi ulikuwa asilimia 36 kwa kipindi cha miaka kama minne. Asilimia 36! Watu walicheka. Ukilinganisha na surua ambayo dozi mbili zinakupa kinga juu ya asilimia 95, unaona aibu hata kuitaja.

Afu sasa angalia upande wa pili wa ripoti ile ile. Katika kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, visa vya malaria vilivyozuiwa vilikuwa 1,774. Utauliza inakuwaje visa vizidi idadi ya watoto, ni kwa sababu mtoto mmoja anaugua malaria mara mbili, mara tatu, mara sita, mwulize mama yeyote wa kule Nyanza. Na hiyo 1,774 ni wastani tu, kuna kituo chenye malaria kidogo kilichopata 205, na Siaya walipata 6,565. Sindano ile ile, jaribio lile lile, tofauti zaidi ya mara thelathini! Ndo maana ukiniuliza chanjo ya malaria ina thamani gani nitakuuliza kwanza, wapi?

Kenya haikuipeleka nchi nzima, iliianzia Homa Bay Septemba 2019 na ikabaki kwenye kaunti za magharibi karibu na ziwa, na wala haikuwa upendeleo kwa watu wa huko kama nilivyoona wengine wakilalamika. Malawi na Ghana walikuwa wameanza Aprili mwaka huo huo. Hizo nchi tatu zilipofuatiliwa kwa karibu miaka minne ikaonekana vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13, na hapo wanahesabu vifo vya kila sababu isipokuwa ajali, si malaria peke yake. Kumi na tatu tena inaonekana kadogo. Lakini uliza daktari yeyote wa watoto ni kitu gani kingine kimewahi kushusha vifo vyote vya watoto kwa asilimia 13 kwa mkupuo, utaona anavyonyamaza akifikiria.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Kusema "tumezuia visa kadhaa" maana yake unajua ni wangapi wangeugua kama usingechanja. Hao hawapo. Hakuna daftari lenye majina ya watoto ambao hawakuugua. Kwenye majaribio ni rahisi kwa kuwa kuna kundi lisilopata ile chanjo unaloweza kulilinganisha, ila ukishaingiza chanjo nchi nzima kundi hilo linatoweka, wote wamechanjwa. Unabaki na njia mbili, ama uwe ulihesabu wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya chanjo na uendelee kuhesabu baadaye kwa njia ile ile, ama utengeneze modeli kwenye kompyuta. Ile habari ya 2024 kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 ndani ya miaka 50 tangu Shirika la Afya Duniani lianzishe mpango wa chanjo mwaka 1974, ile ni modeli. Hakuna mtu aliyewahesabu mmoja mmoja. Sisemi ni uongo, modeli nzuri inajengwa juu ya data halisi, nasema ujue unachosoma.

Njia ya kwanza, ya kuhesabu kabla na baada, ni ngumu na ya gharama na sehemu chache sana Afrika zimeiweza. Kilifi, pwani ya Kenya, ni mojawapo na mimi naona hawasifiwi inavyostahili. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza wa utafiti wa afya, wako pale tangu 1989, na tangu 2000 wana sensa ya watu wanaokaribia laki tatu wanaozunguka hospitali ya kaunti, wahudumu wanapita nyumba kwa nyumba takriban kila baada ya miezi minne wakiuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Mtoto kutoka eneo lile akilazwa wanajua ni wa nyumba gani na kama amechanjwa. Damu inachukuliwa na kupandikizwa maabara kuona bakteria gani wapo. Kwa hiyo wana kile ambacho wizara nyingi hazina, idadi ya wagonjwa juu na idadi ya watu wote chini. Ukikosa ile ya chini huna kitu, hospitali inaweza kuona wagonjwa wachache kwa sababu ugonjwa umepungua au kwa sababu nauli imepanda au manesi wako kwenye mgomo, utajuaje?

Mapema 2011 Kenya iliingiza chanjo ya nyumokoka, wengi wanaiita tu chanjo ya nimonia. Bakteria huyu analeta nimonia, homa ya uti wa mgongo, na kuingia kwenye damu. Ana aina zaidi ya 90, na chanjo iliyoletwa wakati huo ilikuwa inazuia aina kumi. Kilifi wakafanya na kampeni ya kuchanja watoto wote wa chini ya miaka mitano, si wachanga peke yao, ili athari ionekane haraka.

Matokeo haya hapa. Kabla ya chanjo, kati ya 1999 na 2010, ugonjwa mkali wa zile aina kumi kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa visa 60.8 kwa kila watoto laki moja kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2016 ikawa 3.2. Imeshuka kwa asilimia 92. Lakini hiyo siyo sehemu tamu. Sehemu tamu ni kwamba ugonjwa wa aina hizo ulishuka pia kwa watu ambao hawakuchanjwa kabisa, vichanga ambao hawajafikia umri wa dozi, watoto wakubwa wa shule, na watu wazima wa miaka 15 kwenda juu ambao kwao ulishuka kwa karibu asilimia 80. Mzee wa Ganze au Rabai ambaye hajui hata kama hiyo chanjo ipo amekingwa na sindano aliyodungwa mjukuu wake. Inatokea hivyo kwa sababu bakteria huyu anaishi puani na kooni kwa watoto na ndo wanaomsambaza, na walipopima pua za watu Kilifi waliona wabebaji wa zile aina wamepungua kwa karibu theluthi mbili, wadogo kwa wakubwa.

Hapa ndo majaribio ya kawaida yanapotuangusha. Jaribio linalinganisha mtoto na mtoto, haliangalii babu. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya thamani kwa kutumia majaribio peke yake unaweza kuacha nje nusu ya faida, wakati mwingine zaidi. Na kinyume chake pia kipo, maana ukiwafukuza bakteria wa aina kumi wale wengine themanini na kitu wanaweza kuchukua nafasi yao. Uingereza imewatokea, hasa kwa wazee, aina zisizokuwemo kwenye chanjo ziliongezeka zikala sehemu kubwa ya faida. Kilifi kwa miaka ile ya mwanzo hilo halikuonekana kwa kiwango cha kutisha, ugonjwa wote wa nyumokoka kwa jumla, aina zote, ulishuka kwa asilimia 68 kwa watoto wadogo. Lakini si jambo la kupima mara moja ukafunga faili, inabidi uendelee kuhesabu mwaka hadi mwaka.

Kuna na hili la nimonia yenyewe. Kupata bakteria kwenye damu ni nadra, wagonjwa wengi wa nyumokoka vipimo vya damu haviwaoni kabisa. Kwa hiyo wakaangalia waliolazwa. Nimonia iliyoonekana kwenye eksirei ilishuka kwa asilimia 48, na nimonia ile daktari anaitambua kwa kuangalia mtoto anavyopumua, ilishuka kwa asilimia 27. Mtu ataona 92, afu 48, afu 27, aseme mbona inazidi kudhoofika. Hapana bwana. Kila ukienda chini kwenye hiyo orodha kundi la wagonjwa linakuwa kubwa zaidi, na ile 27 ndo imebeba watoto wengi kuliko zote. Tena inakuambia kitu ambacho maabara haikuwahi kukuambia, kwamba angalau zaidi ya robo ya nimonia zilizokuwa zinalaza watoto Kilifi zilikuwa zinatoka kwa wale bakteria kumi. Wataalamu wengine wanaitumia chanjo hivyo makusudi, kama kipimo cha kujua ugonjwa ulikuwa mwingi kiasi gani. Gambia walifanya hivyo hivyo na matokeo yao ya 2005 yalionyesha chanjo ya jamii hii inapunguza vifo vyote vya watoto kwa asilimia 16, na nadhani hiyo namba ndo ilifungua mifuko ya wafadhili kuliko makala mia za maabara.

Twende kwenye pesa sasa, na hapa wengi wanaanza kusinzia lakini vumilia.

Shida ya mwenye bajeti ni kwamba vitu havifanani. Chanjo moja inazuia kuharisha, nyingine inazuia saratani, dawa fulani inazuia mama asivuje damu akijifungua. Unalinganishaje? Wachumi wa afya wakatafuta sarafu moja ya kuvipima vyote, ikatangazwa sana kwenye ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993, inaitwa DALY. Ni mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliopotea. Mtu akifa mapema unahesabu miaka ambayo angeishi. Akibaki na ulemavu, mfano mtoto aliyepona uti wa mgongo lakini akawa kiziwi au anapata kifafa, unahesabu miaka atakayoishi hivyo ukiizidisha kwa kipimo cha uzito wa tatizo lenyewe. Ukijumlisha unapata mzigo. Chanjo ikiondoa sehemu ya mzigo, unachukua gharama yake, unatoa pesa ambayo ungetumia kutibu wale wasiougua, unagawa, unapata bei ya kila mwaka mmoja wa afya uliouokoa.

Kenya walikuwa na swali la kweli kabisa la aina hii. Chanjo ya nyumokoka ilikuwa inalipiwa kwa sehemu kubwa na Gavi, ule muungano wa kimataifa ulioanzishwa 2000 kununulia nchi maskini chanjo. Sheria yao ni kwamba uchumi wako ukikua unaanza kuchangia zaidi kidogo kidogo mpaka unajilipia mwenyewe, na Kenya iko kwenye hiyo njia, mpango ni kujitegemea mwishoni mwa muongo huu. Sasa wizara ikiambiwa ilipe yenyewe, iendelee au iache?

Timu iliyotumia data za Kilifi ikapiga hesabu na kuichapisha 2019. Kuendelea na chanjo kuanzia 2022 kungegharimu kama dola milioni 15.8 zaidi kila mwaka kuliko kuiacha. Kufikia 2032 kungezuia vifo kama 14,300 na wagonjwa zaidi ya laki moja. Bei ya kila mwaka wa afya uliookolewa ingekuwa dola 153 kufikia 2032.

Kabla hujazibeba hizo namba ukaenda nazo kwenye mjadala, soma na maandishi madogo. Vile vifo 14,300, wenyewe waliandika vinaweza kuwa 6,100 na vinaweza kuwa 25,000. Ile 153 inaweza kuwa 70 na inaweza kuwa 411. Watu wanaona hiyo wanasema si mnabahatisha tu, lakini mimi nikiona ripoti ya modeli ina namba moja moja bila upana wake ndo naanza kuwa na wasiwasi. Na ukiangalia vizuri hata ukichukua ule upande mbaya kabisa, dola 411, uamuzi unaweza usibadilike. Hapo ndo pa kuangalia, kama uamuzi utasimama hata namba ikiyumba.

Sasa dola 153 ni bei rahisi au ghali? Hapo ndo penye ugomvi. Kwa miaka mingi watu walitumia kanuni iliyotokana na tume moja ya Shirika la Afya Duniani ya 2001, kwamba ukiokoa mwaka wa afya kwa bei isiyozidi pato la taifa kwa kila mtu basi ni nafuu sana, na mpaka mara tatu ya hapo bado inakubalika. Pato la kila Mkenya wakati ule lilikuwa juu ya dola 1,500, kwa hiyo 153 ni kama bure. Tatizo la hiyo kanuni ni kwamba karibu kila kitu kinapita. Dawa mpya inapita, chanjo inapita, mashine inapita, na pesa ya kuvinunua vyote haipo. Hata wataalamu wa shirika lenyewe waliandika 2016 kwamba isitumike kama kigezo cha kukata shauri.

Kipimo cha haki zaidi, kwa maoni yangu, ni kuuliza ile pesa ukiitoa mahali ilipo sasa unapoteza nini. Bajeti ya afya haiongezeki kwa sababu wewe umepata chanjo nzuri, pesa itatoka kwenye kapu lile lile lenye dawa za presha, mishahara ya manesi na mafuta ya ambulensi. Malawi walipokuwa wanapanga kifurushi chao cha huduma za msingi wachumi walikadiria kwamba mfumo wao unaokoa mwaka mmoja wa afya kwa dola 61 hivi, kwa hiyo kitu chochote cha bei zaidi ya hapo kikiingia kinasukuma nje kitu bora kuliko chenyewe. Dola 61! Ukiileta kanuni hiyo kwa nchi maskini vitu vingi tunavyoviona vya lazima vinaanguka mtihani. Kenya ina pesa zaidi ya Malawi na kizingiti chake kiko juu, lakini umeona jinsi chanjo hiyo hiyo yenye bei hiyo hiyo inaweza kuwa uamuzi mzuri upande mmoja wa mpaka na mbaya upande wa pili.

Halafu kuna wale wanaosema "kila dola moja ya chanjo inarudisha dola 16". Umeshaiona hiyo, iko kila mahali. Inatoka kwenye utafiti wa 2016 uliohusu nchi 94 za kipato cha chini na cha kati, chanjo za miaka ya 2011 hadi 2020. Ni namba halali, ila utafiti huo huo una namba nyingine, 44. Ya kwanza ilihesabu gharama za matibabu, mishahara iliyopotea mzazi akikaa hospitali, na kazi ambayo aliyekufa au kulemaa angefanya. Ya pili ikaongeza thamani ambayo watu wanaiweka kwenye kuishi tu, kuishi muda mrefu na kwa afya. Chanjo haijabadilika kati ya 16 na 44, kilichobadilika ni unachokubali kukiita faida. Mtu akikutajia faida ya chanjo kwa dola muulize amehesabu nini, na amehesabu ya nani, manake kwa wizara ya fedha nauli ya boda na siku tano ambazo mama hakufungua kibanda chake si hasara, haimo kwenye vitabu vyao, na kwa yule mama ndo hasara yenyewe.

Kuna kitu kingine kinachokera na wengi hawakijui, ile hesabu ya kupunguza thamani ya kesho. Wachumi wanachukulia faida ya baadaye ina uzito mdogo kuliko ya leo, kawaida wanapunguza asilimia 3 kila mwaka. Mtoto akifa leo mahali ambapo angeishi miaka 65 mbele, ile 65 kwenye hesabu inageuka kuwa kama 28 tu. Kwa surua au nimonia inavumilika kwa kuwa faida inaanza mwaka ule ule unaochanja. Wanaoumia ni chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuwapa wasichana 2018, na saratani ya shingo ya kizazi inayozuiwa ingekuja wakiwa wanawake wa miaka arobaini au hamsini. Mwaka wa afya utakaookolewa miaka 30 ijayo unaandikwa leo kama 0.41. Yaani chanjo inapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwenye karatasi kabla hata hujauliza bei. Kwa pesa kuna mantiki, kwa miaka ya mtu sijawahi kuridhika, na ninaona sawa kabisa nchi ikionyesha hesabu zote mbili, iliyopunguzwa na isiyopunguzwa, watu waone wenyewe.

Ila HPV iliokolewa na upande mwingine wa hesabu, wa gharama. Jaribio lililofanyika Kenya, Kisumu, Thika na Nairobi, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, lilionyesha dozi moja tu inazuia maambukizi sugu ya virusi vile kwa asilimia 97.5 ndani ya miezi 18. Shirika la Afya Duniani likaruhusu dozi moja mwaka 2022, Tanzania ikahamia dozi moja 2024. Gharama ya chanjo ikakatika nusu na usumbufu wa kumtafuta msichana mara ya pili shuleni ukaisha. Malaria nayo hivyo hivyo, RTS,S ilikuwa juu ya yuro 9 kwa dozi na mtoto anahitaji nne, chanjo ya pili ya malaria, R21, ikaja ikakubaliwa Oktoba 2023 kwa bei ya chini ya dola 4. Hata nyumokoka, watafiti walijaribu Kenya kuwapa watoto sehemu tu ya dozi, na kwa mojawapo ya chanjo hizo asilimia 40 ya dozi ikatoa kinga isiyopitwa na dozi nzima. Kwa hiyo jibu la "chanjo hii haifai kwa bei hii" haliishii kwenye kufunga mlango, wakati mwingine ndo linaanzisha mazungumzo ya bei.

Na hii yote si mambo ya darasani sasa hivi. Juni 2025 Marekani ilitangaza haitaendelea kuichangia Gavi, na mkutano wa ahadi uliofanyika mwezi huo huo ulipata zaidi ya dola bilioni 9 wakati zilikuwa zinatafutwa bilioni 11.9. Mwaka huo huo Kenya ikapata upungufu wa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio, kina mama wakarudishwa kutoka kliniki na kadi tupu. Kwa hali hiyo mtu wa hazina ataanza kuuliza ipi tupunguze, na kwa haki yake, ni kazi yake kuuliza.

Hapo ndo naomba arudi kwenye ile hesabu ya Kilifi aangalie mstari mmoja ambao watu hawautaji. Chanjo ya nyumokoka ikiachwa, ugonjwa haurudi kesho yake. Bakteria wamepungua puani mwa watu, watoto waliochanjwa mwaka jana bado wana kinga, kwa hiyo mwaka wa kwanza hospitali haioni tofauti, wa pili pengine haioni. Modeli ilionyesha ugonjwa mkali wa nyumokoka, watu wa rika zote, ukipanda kutoka 8.5 kwa kila laki moja mwaka 2022 hadi 16.2 mwaka 2032, karibu mara mbili, lakini pole pole. Aliyekata bajeti anaonekana ameokoa dola milioni 15 na hakuna aliyekufa. Wagonjwa wanakuja baadaye, kwa waziri mwingine, na bila watu wa kupita nyumba kwa nyumba Kilifi wala hakuna atakayeweza kusema wametokana na nini. Ndo maana wale watafiti walipeleka hesabu yao mpaka 2032 badala ya kuishia 2024, manake ukiipima kwa miaka miwili tu, kusimamisha chanjo kunatoka kwenye kompyuta kama uamuzi wa akili sana.